Ng'ombe wa Ushirikiano

Kuna watu ambao wakisikia umaskini unaondolewa, kwanza wanachungulia uani kuona ni nini kimeondoka. Mama Pacha hakuwa mmoja wao. Yeye alikuwa mtu wa kuamini, na ndiyo maana hadithi hii inaudhi.

Siku shemeji yake alipokuja kumwazima ng'ombe, alikuja na sukari. Shemeji huyo ndiye mwenyekiti wa kijiji, mdogo wa marehemu mumewe, mtu wa maneno laini na viatu vinavyong'aa hata penye tope. Hakuwahi kuleta sukari bila haja. Mama mkwe, aliyekuwa amekaa mkekani akichambua maharage, aliutazama ule mfuko, akamtazama mwanawe, akaendelea na maharage yake.

"Shemeji, safari hii mambo ni makubwa," alisema mwenyekiti. "Mawaziri wawili wanakuja. Wa kwetu na wa ng'ambo ya mto."

"Wanakuja kufanya nini?"

"Kuona maendeleo."

"Wakishayaona watuoneshe na sisi," alidakia mama mkwe.

"Mama, na wewe!"

Maendeleo yenyewe yalikuwa hivi. Serikali hizo mbili zilikuwa zimetia saini kwamba zitashirikiana kuinua vijiji vya kando ya mto, ng'ambo zote mbili. Kila nyumba isiyojiweza ingepewa ng'ombe wa maziwa. Awamu ya pili ingeleta tangi la maji, ili kina mama waache kupanda mlima na ndoo kichwani. Kijiji chao kikateuliwa kuwa kijiji cha mfano. Watu walicheza mpaka wakakaukiwa na koo. Kisha likaja bango lenye bendera mbili. Likaja banda kubwa la mabati, la kuwapokea ng'ombe kabla hawajagawiwa. Ng'ombe wakakwama njiani. Njia ipi, na nani aliyewakwamisha, hakuna aliyesema, ingawa nyumba ya bwana mifugo ilipata ghorofa msimu huohuo. Kwenye taarifa zilizopanda kwenda kwa wakubwa, banda lilikuwa limejaa na wananchi wanakunywa maziwa. Kijijini watu waliwaita ng'ombe hewa, wakacheka, maana mtu asipocheka atafanya nini.

Sasa wakubwa walitaka kuwaona.

"Tunalijaza banda nusu siku tu," alieleza mwenyekiti. "Kila mwenye ng'ombe anaazimisha. Wakiondoka, kila mtu anachukua wake. Lakini wakilikuta tupu, shemeji, awamu ya pili ndiyo imekwenda na maji. Tangi hatulioni ng'o. Na wako ndiye mzuri kuliko wote, sikupaki mafuta."

Hapo hakudanganya. Tuliza alikuwa ng'ombe wa kutazamwa: mweusi, mwenye mgongo ulionyooka na macho ya upole. Mama Pacha alimpata akiwa ndama mgonjwa ambaye mwenye mali alikwisha kumkatia tamaa, enzi hizo akiosha madebe kwenye kituo cha maziwa. Alimlea kwa chupa kama mtoto wa tatu juu ya pacha wake wawili. Sasa Tuliza ndiye aliyeilea nyumba. Maziwa yake yalikwenda kwa muuza chai wa stendi na kwa muuguzi wa zahanati, na yakarudi yakiwa sare za shule, sabuni, mafuta ya taa na dawa ya kifua ya mama mkwe. Alikuwa amezaa majuzi, ndama dume mwenye miguu mirefu isiyojua iende wapi.

"Ana ndama mchanga," alisema Mama Pacha.

"Ndama abaki. Nusu siku tu, shemeji. Fikiria tangi."

Akalifikiria tangi. Akafikiria shingo yake na shingo za wenzake. Akakubali, tena kwa moyo mweupe.

Asubuhi ya ugeni, banda lilikuwa limepigwa chokaa na ng'ombe wa watu wamepangwa mistari, kila mmoja akimtazama mwenziwe kama wageni harusini. Bwana mifugo alipita akiwatoboa masikio na kuwavisha hereni za njano.

"Hizo za nini?" aliuliza Mama Pacha, alipomwona Tuliza akirusha kichwa kwa maumivu.

"Muonekano tu, mama. Wapendeze."

Kisha akapewa fulana yenye bendera mbili na maneno ya kusema. Yeye ndiye angekuwa mnufaika, maana mjane mwenye pacha anagusa mioyo. Alisimama mbele ya kipaza sauti, jasho likimtiririka mgongoni, akayatoa kama alivyofundishwa.

"Mimi nilikuwa sina mbele wala nyuma. Mradi ukanipa huyu ng'ombe. Sasa watoto wangu wanasoma. Nazishukuru serikali zetu mbili."

Ulimi ulikuwa mzito. Aliona kama anamkana mtoto wake hadharani. Lakini watu walipiga makofi, mwenyekiti akamkonyeza kwa furaha, naye akajituliza kwamba uongo wenyewe ni wa nusu siku, kisha watapata maji.

Waziri wa ng'ambo alikuwa bonge la mtu, mcheshi, mwenye kicheko cha kutoka tumboni. Alishuka jukwaani akampapasa Tuliza shingoni. Tuliza, kwa upole wake, akamlamba mkono.

"Jamani! Nimezunguka kanda nzima, ng'ombe wa namna hii sijamwona," alisema.

Na waziri wa nyumbani, ambaye kichwa kilikwisha kuvimba kwa makofi, akanyakua kipaza sauti.

"Mheshimiwa mwenzangu, ni wako! Ondoka naye. Awe alama ya udugu wetu. Umaskini hauna mpaka, na ukarimu wetu hauna mpaka!"

Hivyo ndivyo alivyosema. Ukarimu wetu. Mtu ambaye hajawahi kukata hata ukoka akamlisha yule ng'ombe, mtu ambaye angeulizwa maziwa yanatoka wapi angesema dukani, alisimama juu ya zulia lililoazimwa kwenye kanisa akagawa jasho la mjane kama anagawa peremende. Na watu wote wakashangilia. Spika zikafunguliwa muziki. Utepe ukafungwa kwenye pembe za Tuliza, picha zikapigwa, mlango wa lori ukateremshwa.

Mama Pacha mwenyewe alicheka kwanza. Alidhani ni utani wa wakubwa. Alipoona miguu ya nyuma ya Tuliza inapanda ubao wa lori ndipo moyo ulipomlipuka. Akaanza kusukuma watu. Mwenyekiti akamdaka kiganja.

"Si sasa, shemeji."

"Ni lini? Akishafika?"

"Utatutia aibu mbele ya serikali mbili!"

"Na wao hawaoni aibu mbele yangu mmoja?"

Alipiga kelele, lakini muziki ulikuwa mkubwa, na walio karibu naye walidhani ni vigelegele vya mnufaika. Lori likaondoka. Mpiga picha akamwomba atabasamu.

Nyumbani, ndama alikuwa amesimama mlangoni mwa zizi akimsubiri mama yake. Alilia jioni ile mpaka pacha nao wakaanza kulia. Mama mkwe alikoroga uji mwepesi, akachovya kidole chake kikongwe akampa ndama anyonye. Alinyonya, akagundua amedanganywa, akaachia.

"Hata huyu anajua kidole si chuchu," alisema bibi kizee. "Sisi tunanyonya vidole vyao tangu uhuru."

Kesho yake Mama Pacha alikwenda ofisini kwa bwana mifugo. Ilikuwa chumba kimoja chenye feni isiyozunguka na kalenda ya mwaka uliopita. Bwana mifugo alimsikiliza huku akichokonoa meno.

"Mama, mimi nakuonea huruma. Lakini ng'ombe alikuwa na hereni ya mradi."

"Hereni umemvisha wewe! Jana!"

"Sikatai. Ila mwenye hereni ya mradi ni wa mradi, na wa mradi ni wa serikali. Serikali imetoa chake. Na wewe mwenyewe ulisema kwa mdomo wako, mawaziri wawili wanasikia, kwamba ulipewa. Imerekodiwa. Unataka leo useme ulikuwa unadanganya?"

"Nilifundishwa kusema hivyo."

"Na nani?"

Hapo ndipo alipouona mtego wote, mzima mzima. Akisema kweli, itabidi aseme kwamba banda lilikuwa tupu, na ng'ombe wote walikuwa wa kuazima, na tangi basi tena. Walikuwa wamemfunga kwa kamba ya jirani zake mwenyewe. Bwana mifugo naye alijua kwamba ameuona, akamtolea tabasamu lenye kijiti cha meno.

"Watakupa mwingine awamu ya pili," alisema. "Vumilia."

Vumilia! Neno hilo lingekuwa chakula, vijiji vile vingekuwa vimenenepa.

Jirani nao hawakumsaidia. Wao ng'ombe wao walikuwa wamerudi salama, masikio yakiwa na vidonda tu. Fundi cherehani wa jirani, aliyeazimisha ng'ombe wawili, alimwambia kwa sauti ya chini, huku akijifanya anatunga uzi kwenye sindano, "Dada, inauma, najua. Lakini fikiria wengi. Ukiliharibu hili, wake zetu watakulaani kila wakipanda ule mlima."

"Mimi siupandi?"

Mguu wa fundi ulianza kukanyaga cherehani, ingawa hapakuwa na kitambaa.

Ndama alizidi kudhoofu. Maziwa ya kuombaomba hayakumtosha, na mbavu zilianza kuhesabika. Ndipo Mama Pacha alipoamua. Kama ng'ombe ni zawadi, basi ndama naye atampeleka kwa mama yake, potelea mbali, kama kuna wa kufa nyumbani kwake, atangulie yeye mwenyewe. Alimfunga kamba, akamvuta na kumbeba kwa zamu mpaka darajani.

Daraja lile nalo lilikuwa la ushirikiano. Kila upande ulikuwa na kibanda cha mlinzi na bomba la chuma la kufunga njia. Alipofika, mlinzi wa upande wa nyumbani alikuwa anakula muhogo.

"Unakwenda wapi na huyo?"

"Namfuata mama yake."

"Kibali cha mifugo?"

"Mama yake alivuka na kibali gani?"

"Yule alikuwa wa serikali. Huyu ni wa nani?"

"Ni wangu."

"Basi havuki," alisema mlinzi, bila ubaya wowote, kama anavyosema mtu kwamba leo ni Jumanne.

Mama Pacha aliketi chini kando ya bomba, akashindwa hata kulia. Lakini ndama hakushindwa. Alinyoosha shingo kuelekea ng'ambo akalia kwa nguvu zote zilizombakia. Na kutoka ng'ambo, nyuma ya kibanda cha walinzi wa pili, akajibiwa.

Mama Pacha akaruka kusimama. Sauti ile angeitambua usingizini. Kumbe Tuliza hakufika mbali. Waziri mcheshi alikuwa na mambo mengi, na jioni ile ya makofi alimkabidhi kwa kituo cha mpakani wamtunze mpaka aelekeze pa kumpeleka. Hakuelekeza. Pengine alikwisha sahau kama alipewa ng'ombe au kikombe. Walimfunga kwenye kigingi, utepe ungali kwenye pembe zake, na mlinzi aliyejaribu kumkamua akala teke.

Ndama akalia tena. Kikasikika kishindo, kigingi kikang'oka, na mara Tuliza akatokea akikimbia juu ya daraja, kamba inaburuta, kigingi kinagonga mbao, kiwele kimevimba mpaka anatanua miguu. Mlinzi wa ng'ambo alimfuata kiatu kimoja mkononi. Bomba la upande wake lilikuwa limeinuliwa, maana hapakuwa na mtu wa kuzuia. Tuliza akalipita la huku kwa kuinama, akafika kwa ndama wake. Ndama hakusubiri salamu. Alijitupa chini ya kiwele, na Mama Pacha akapiga magoti kumsaidia, akilikanda lile titi lililokuwa gumu kama jiwe, akisema, "Pole mama, pole mama," hata yeye hakujua anamwambia nani.

Walinzi wawili wakakutana mbele yake.

"Huyo ni mali ya serikali yetu," alisema wa ng'ambo, akihema.

"Lakini yuko ardhi yetu," alisema wa nyumbani.

"Mrudishe basi."

"Siwezi kumvusha mnyama bila idhini ya pande mbili. Makubaliano ndivyo yanavyosema. Na wewe kwanza umeingia huku bila idhini."

"Basi wewe mzuie hapo hapo nikaombe idhini."

"Na kumzuia vilevile ni hatua. Hatua yoyote darajani ni ya pamoja. Mpigie mkubwa wako, na mimi nampigia wangu."

Wakapiga. Mkubwa wa huku na mkubwa wa kule walikuwa ukumbi mmoja, hoteli moja, kwenye semina ya kutathmini mafanikio ya ziara, na simu zote zilikuwa zimezimwa. Serikali mbili zilizoweza kuafikiana katika dakika moja kumnyang'anya mjane ng'ombe, sasa hazikuweza kupatikana kusema aendelee kunyang'anywa au la.

Mama Pacha alisubiri ndama ashibe. Kisha akainuka, akakung'uta magoti, akaufungua ule utepe akauning'iniza kwenye bomba la chuma.

"Mama, unafanya nini?" aliuliza mlinzi wa nyumbani.

"Naenda nyumbani."

"Na ng'ombe?"

"Sijamgusa. Shika kamba yake wewe kama unayo idhini."

Akambeba ndama begani, akaanza kutembea. Tuliza akamfuata ndama. Walinzi wakatazamana, kila mmoja akingoja mwenzake aanze, na walipokuwa wangali wanatazamana yule mwanamke alikwisha pinda kona.

Habari zilimtangulia. Alipofika kijijini, mwenyekiti alikuwa amesimama katikati ya barabara, mbele ya banda la mabati, na nusu ya kijiji nyuma yake. Kina mama walikuwa na ndoo, maana ilikuwa saa ya mtoni. Mwenyekiti hakuwa na maneno laini siku ile.

"Shemeji, unajua ulichofanya? Umeirudisha zawadi ya taifa! Unataka kuniponza?"

"Sikuirudisha. Imerudi yenyewe."

"Watasema sisi ni watu wa ajabu. Watafuta kila kitu. Umetuharibia awamu ya pili! Hawa wote hapa, tazama ndoo zao, umewaharibia wewe, kwa sababu ya ng'ombe mmoja!"

Watu wakanung'unika. Mwanamke mmoja akatema mate pembeni. Mama Pacha aliwaona wote: majirani aliowazalisha, aliolia nao misibani, aliokopeshana nao chumvi. Mabega yalimuuma kwa uzito wa ndama, na hasira aliyoimeza tangu siku ya lori ilipanda ikafika mdomoni. Alipoitoa haikuwa kelele. Ilitoka taratibu, kila mtu akasikia.

"Shemeji, awamu ya kwanza iko wapi?"

Mwenyekiti alifungua mdomo.

"Nakuuliza. Mimi nilisimama kwenye kipaza sauti nikasema nimepewa. Sikupewa. Ng'ombe wangu nimemlea kwa chupa na wewe unajua, kaka yako alikufa nikabaki naye. Nilidanganya kwa ajili ya tangi, na Mungu anisamehe. Sasa nataka kujua tulidanganya juu ya nini. Ng'ombe waliotajwa wako wapi? Nani anawakamua?"

"Hayo hatuyaongelei barabarani," alisema mwenyekiti, akishusha sauti. "Njoo nyumbani, shemeji, tuyamalize kifamilia."

"Kifamilia! Ulipomchukua ulisema ni mambo ya serikali. Leo yamekuwa ya familia?"

Mwenyekiti akajaribu kucheka, akawageukia watu apate wa kucheka naye.

Fundi cherehani, aliyekuwa amesimama nyuma kabisa, alikohoa. Alionekana kama mtu anayetaka kurudi alikotoka, lakini njia ilikuwa imezibwa na watu.

"Na kweli, mwenyekiti," alisema. "Wako wapi?"

Mwenyekiti aligeuka kumtafuta aliyesema. Hakumpata haraka, kwa sababu mwanamke aliyetema mate alikuwa ameweka ndoo yake chini, na wa pembeni yake naye akaweka ya kwake, na wote walikuwa wanamtazama yeye.